Bwawa la samaki kwa trekta dogo: linawezekana, ila si la mita tatu

Swali limetoka kwa dada mmoja anayeishi nje kidogo ya mji wa Songea:

"Shikamoo mtaalamu. Nina trekta dogo la nguvu farasi 27, magurudumu yote manne yanavuta, lina kijiko cha mbele na plau ya diski mbili. Nyuma ya nyumba nina eneo lenye mteremko mdogo na udongo mwekundu. Maji ya mserereko yanafika hadi uani. Nataka nichimbe mwenyewe bwawa la sato, mita 12 kwa 20. Fundi mmoja wa hapa ameniambia niende chini mita tatu na kuta ziwe wima, ili maji yasikauke kiangazi. Trekta langu litaweza au nitaliharibu?"

Marahaba, dada yangu. Trekta lako litaweza, na litalifanya vizuri kuliko unavyodhani. Ila ukifuata vipimo vya fundi huyo utaliharibu, na ninaogopa zaidi kwamba utajiumiza wewe. Kwa hiyo kabla ya trekta tuzungumze kwanza juu ya hizo mita tatu.

Sato hana kazi na mita tatu. Chakula chake cha bure ni ule ukijani unaoota kwenye maji yenye mbolea, nao unaota pale mwanga wa jua unapofika. Katika bwawa la mbolea mwanga hauendi mbali. Chini ya hapo maji hubaki ya baridi, hayana hewa, na uozo wote unakwenda kutuama huko. Siku mvua kubwa ya baridi ikishuka, au upepo ukakoroga maji, yale ya chini hupanda juu na unaamka asubuhi samaki wanaelea matumbo juu. Sato hukua vizuri maji yakiwa na joto la nyuzi 25 hadi 30, na yakishuka chini ya 20 hamu ya kula hupungua. Ninyi wa Songea mnaijua baridi ya Juni na Julai, kwa hiyo mnahitaji maji yanayopashwa na jua mapema. Juu ya hayo, siku ya kuvua utaingiaje na wavu kwenye shimo la mita tatu lenye kuta wima? Na mtoto akiteleza humo, atashika nini?

Chimba upate maji ya sentimita 80 upande wa kina kifupi na mita 1.2 upande wa kutolea maji. Kuta za ndani zilale: kwa kila mita moja ya kushuka, ziende mbele mita mbili. Sakafu iteremke taratibu kuelekea kwenye bomba la kutolea. Tuta lipande sentimita 30 juu ya usawa wa maji.

Hofu ya kukauka ni ya kweli, lakini kina si dawa yake. Kiangazi jua na upepo vinaweza kuondoa kama milimita 5 za maji kwa siku. Kwa bwawa lako la mita za mraba 240 hizo ni lita 1,200. Udongo ukivuja kiasi hichohicho tena, unahitaji lita 2,400 kila siku. Pima bomba lako sasa hivi kwa ndoo na saa: likitoa lita moja kwa sekunde, utafidia upotevu huo kwa dakika 40 tu, na bwawa zima, ambalo ni kama mita za ujazo 180, litajaa kwa saa 50. Likitoa robo ya hapo bado utamudu. Lakini udongo wako ukiwa unavuja sentimita 5 kwa siku, hata ukichimba kisima kitakauka.

Ndiyo maana kazi ya kwanza haina trekta. Chimba kwa jembe la mkono mashimo mawili, moja kila upande wa eneo, yenye kina cha kufika kiunoni. Asubuhi na mapema yajaze maji pomoni. Jioni utakuta yameshuka kwa sababu udongo ulikuwa mkavu na umekunywa. Yajaze tena, funika kwa matawi yenye majani, lala. Asubuhi ya pili maji mengi yakiwa bado yapo, endelea kwa amani. Yakiwa yamekwisha, nenda kajaribu sehemu nyingine. Chukua pia udongo wa chini ya shimo, uloweshe, ufinyange donge la ukubwa wa chungwa, lirushe juu ulidake. Donge la mfinyanzi hubaki zima, la kichanga husambaratika mkononi.

Nakusisitiza hapa kwa sababu udongo mwekundu huwadanganya watu. Wengine ni mfinyanzi mzuri, wengine una chembechembe ndogo zilizoshikana kama kahawa ya kusaga, na maji hupita katikati yake bila shida. Rangi haitakuambia, shimo litakuambia. Ukikuta unavuja kidogo na karibu yako kuna vichuguu vilivyokwisha kuhamwa, udongo wa kichuguu uliopondwa na kushindiliwa tabaka la sentimita 15 hadi 20 sakafuni ni msaada mkubwa. Kichuguu chenye mchwa hai kilichomo ndani ya eneo la bwawa, ama ukifukue mpaka kwenye malkia, ama uhame. Njia zake ni mabomba ya kuvuja.

Sasa hesabu ya udongo, maana hapa ndipo wenye matrekta madogo hukata tamaa katikati ya kazi. Hatuchimbi kina chote. Tunachimba kama sentimita 75 kwa wastani, na udongo unaotoka ndio unaojenga tuta la wastani wa sentimita 55 juu ya ardhi, chini zaidi upande wa juu wa mteremko na juu zaidi upande wa chini. Kwa vipimo vyako unatoa kama mita za ujazo 125. Udongo ukishatifuliwa huvimba kwa robo hivi, kwa hiyo utabeba kama 155. Kijiko cha trekta la ukubwa wako, kikijaa kama inavyojaa kazini na si kama kilivyochorwa kwenye kitabu, kinabeba karibu robo ya mita ya ujazo au pungufu. Tuseme 0.2. Hizo ni safari zinazokaribia 800. Kila safari dakika mbili na nusu, unapata saa 33 za usukani. Weka wiki nzima ya kazi, na zaidi ya lita 100 za dizeli.

Ukiona ni nyingi, una njia mbili. Kama kuna kijiko kikubwa kinachofanya kazi barabara ya karibu, kikodi kwa siku moja kitoe ule udongo mzito wa upande wa kina, halafu trekta lako lifanye yaliyobaki. Mimi naiona hiyo ni fedha iliyotumika vizuri. Njia ya pili, na hii ninaipenda zaidi kwa sababu kifaa kinabaki kwako, ni kumwendea fundi wa kuchomelea akutengenezee sanduku la kukwangulia: chuma kilicho wazi mbele na chini, chenye ubavu wa kulia na wa kushoto, mgongo, na ukingo wa chini wa chuma kigumu, likafungwa kwenye mikono mitatu ya nyuma. Badala ya kuzoa na kubeba, unakokota. Kwa umbali mfupi kama wa uani kwako, sanduku linapunguza safari kwa kiasi kikubwa, na linasawazisha linapopita.

Anza mwishoni mwa Mei, mvua zikishakatika. Ukingoja Septemba ardhi itakuwa tofali. Ukianza Machi utazama.

Piga vigingi na kamba kwanza. Usawa wa tuta uuchukue kwa mpira mweupe uliojaa maji, ule ule wanaotumia waashi. Usikisie kwa macho, maana kwenye mteremko macho hudanganya nusu mita nzima. Kisha kwangua udongo wa juu wenye mizizi na mboji, kama sentimita 20, eneo lote la bwawa *pamoja na pale tuta litakapokaa*, uuweke kando lundo lake. Huo si wa kujengea. Ukiuacha chini ya tuta, mizizi itaoza, na palipooza maji yatapita. Utautumia mwishoni kuvika mgongo wa tuta ili majani yaote.

Baada ya hapo, katikati ya mstari wa tuta, zunguka ukichimba mfereji wa upana wa nusu mita na kina cha nusu mita, mpaka ufike kwenye udongo mgumu. Ujaze tena kwa mfinyanzi wako bora, ukiushindilia. Wengi huuruka kwa sababu ukishafukiwa hauonekani tena. Huo ndio mzizi wa tuta. Bila huo, tuta limekaa juu ya ardhi kama chungu juu ya meza, na maji yatapita kwenye ule mwanya.

Halafu ndipo uchimbe, na shika neno hili moja: kijiko cha mbele si cha kuchimbia, ni cha kuzoa. Ukikikita kwenye ardhi ngumu ambayo haijatifuliwa na kusukuma kwa nguvu zote, mikono ya kijiko itapinda na pini zitakatika. Nimeona mikono iliyopinda ya matrekta mapya kabisa. Pitisha plau kwanza, kina cha sentimita 15, eneo zima. Fungua plau, funga sanduku, zoa ule ulegevu wote mpaka ufike pagumu. Rudisha plau. Tabaka baada ya tabaka, kama mtu anayemenya na si kama anayechoma kisu. Trekta dogo halina nguvu za kuzama, lina subira ya kumenya, na bwawa la samaki linamenywa.

Kumenya huko kuna faida nyingine ambayo kijiko kikubwa hakikupi. Kijiko kikubwa kinamwaga udongo kwenye tuta kwa mabonge ya nusu mita, na ndani yake mnabaki mapango. Wewe utaleta tabaka nyembamba, na tabaka nyembamba ndizo zinazoshindilika. Mwaga, tandaza usizidi sentimita 15, kisha pita juu yake na magurudumu, nenda na kurudi, ukisogea upana wa tairi moja kila mara, mpaka alama ya tairi iwe hafifu. Kwa trekta jepesi kama lako hesabu mara tano au sita. Hapo weka tabaka jingine.

Udongo uwe na unyevu wake. Shika konzi, ubane: ukibaki umeshikana bila kulowesha kiganja, ndiyo wenyewe. Ukimomonyoka kama unga, nyunyiza maji jioni uushindilie asubuhi. Ukitoa maji vidoleni, uache upigwe na jua. Nilipokuwa kijana nilijenga tuta moja kwa vumbi la Oktoba, kwa haraka ya kuwahi mvua, likasimama zuri la kupendeza. Maji yalipofika nusu, upande mmoja ulilainika kama uji, na asubuhi samaki wa watu walikuwa shambani kwa jirani. Tangu siku hiyo sijashindilia udongo mkavu tena.

Mgongo wa tuta uwe na upana wa mita moja na nusu angalau, na upande wa chini wa mteremko ongeza ufike mita mbili, kwa sababu unabeba uzito zaidi na kwa sababu ndipo tairi zako zitapita.

Bomba la kutolea maji lilaze kabla tuta halijapanda, upande wa kina, chini kabisa ya sakafu. Bomba la plastiki la inchi nne linatosha. Mwanya kati ya bomba na udongo ndio unaoua mabwawa mengi, maana maji hufuata ngozi ya bomba yakitafuna kidogo kidogo. Kwa hiyo katikati ya tuta lizungushie ukuta mdogo wa zege wa nusu mita kwa nusu mita, na mita moja kila upande wake usipitishe trekta kabisa. Hapo tumia kishindilio cha mkono, tabaka za sentimita 10, taratibu, mpaka udongo ufunike bomba kwa nusu mita. Ndani ya bwawa, mwishoni mwa bomba, funga kiwiko bila gundi na usimamishe bomba lenye urefu wa usawa wa maji unaoutaka. Mvua ikizidisha maji, yanaingia kwa juu yenyewe. Siku ya kuvua unalilaza bomba taratibu na bwawa linajimwaga. Mdomo wake ufunge wavu wa matundu madogo. Nje, mteremko wako utayapeleka maji bustanini, na mboga zako zitakushukuru kwa mbolea hiyo.

Njia ya trekta kuingia na kutoka iache upande wa kina kifupi, ikilala mita tano kwa kila mita moja ya kupanda. Usifanye kama wengine wanaoacha pengo kwenye tuta na kulifukia siku ya mwisho. Kiraka kile hakishikani na tuta la zamani, na hapo ndipo patakapovuja. Pandisha tuta lote kwa pamoja na njia ipite juu yake. Mwishoni wala usiibomoe yote. Punguza pande zake kwa chepe, inayobaki itakuwa mahali pa kuvutia wavu.

Sasa nisikilize kwa makini, dada yangu, kuhusu usalama wako. Trekta dogo ni jembamba na limesimama juu juu. Likishikwa na kilima kwa ubavu, kijiko kikiwa kimeinuliwa na udongo ndani, linapinduka kabla hujashtuka. Kila unapotembea na mzigo, kijiko kiwe chini, karibu kigusane na ardhi. Kiinue tu pale unapomwaga, ukiwa umesimama pa usawa. Usikatize mteremko kwa ubavu, panda na kushuka moja kwa moja. Ukiwa na mzigo mbele, panda ukitazama mbele na ushuke kinyumenyume, mzigo ubaki upande wa juu. Nyuma pawe na uzito daima, sanduku au plau, la sivyo kijiko kikijaa magurudumu ya nyuma yanakuwa mepesi, nayo ndiyo yenye breki. Weka magurudumu manne yavute hata unaposhuka, gia ya chini. Chuma cha kinga nyuma ya kiti kisimame na mkanda ufungwe. Kama trekta lako halina chuma hicho, hiki si kibarua chake. Ukingo wa shimo ukae nao mbali kwa umbali usiopungua kina chake. Na watoto wasipande trekta wala wasicheze pale kazi ikiendelea, hata wakilia. Bwawa likijaa, zungushia uzio kabla hujaweka samaki.

Upande wa sheria nitapita haraka, ila usiuruke. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ziwa, kwa hiyo kama kuna mto chini ya kiwanja chako, pima kwa futi kamba. Na maji ya kufugia samaki yanahitaji kibali cha kutumia maji chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, ambacho hutolewa na bodi ya maji ya bonde. Ongea pia na wenzako mnaochangia huo mserereko kabla hujafungulia bomba saa 50. Afisa uvuvi wa halmashauri atakuongoza kwenye kibali, na vifaranga usitafute mbali: kituo cha serikali cha Ruhila kipo hapo hapo Songea.

Sakafu ikikamilika, kama jirani ana ng'ombe, mwombe. Lowesha sakafu mpaka ilainike kidogo, swaga ng'ombe watembee humo saa mbili tatu huku na huku. Kwato zao hukanda na kuziba vitundu kuliko tairi lolote, nawe huwezi kuingiza trekta kwenye tope hilo. Kisha nyunyiza chokaa ya kilimo, kilo 10 hadi 20 kwa kila mita za mraba 100. Kwako ni kama kilo 24 mpaka 48, na zaidi kidogo kama udongo wenu una uchachu.

Jaza maji kwa hatua. Siku ya kwanza robo, usubiri siku mbili ukizunguka tuta kwa nje, asubuhi na jioni, ukitazama kama kuna palipolowa. Chomeka fimbo yenye alama za sentimita upande wa kina. Bwawa jipya hunywa, usishtuke wiki ya kwanza likishuka sentimita mbili kwa siku. Wiki ya pili ipungue, na ya tatu ikae sentimita moja au chini yake. Tuta likilowa nje, shusha maji mpaka chini ya hapo, fukua ndani, ushindilie mfinyanzi upya. Kuziba kwa nje hakusaidii kitu.

Maji yakitulia, weka samadi, ungoje wiki mbili mpaka yawe na ukijani. Tumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko: ukiacha kuviona vidole vyako pale maji yanapofika kiwikoni, yameiva. Kwa samadi na pumba tu, weka vifaranga wawili kwa kila mita ya mraba, yaani 480. Ukiwa na chakula cha kununua na maji ya uhakika, watatu. Kingo zifyeke zibaki safi, maana majani yanayoning'inia majini ndiyo makao ya konokono wa kichocho na mazalia ya mbu.

Niandikie matokeo ya yale mashimo mawili kabla hujawasha trekta. Nataka kujua maji yalishuka kiasi gani usiku ule wa kwanza.